Mbiu ya Mlima Kolwe

Aliyemletea Tunu habari za Mlima Kolwe, kabla ya mtu mwingine yeyote mjini, alikuwa Lubuva mpanda baiskeli. Lakini ngojeni, wasikilizaji, kwanza muwajue watu wenyewe.

Mji wa Ndolwe ulikuwa na watu watatu wenye vipaji. Mkude alikuwa na macho ya njia. Hata kwenye kinamasi alijua pa kukanyaga. Lubuva alikuwa na miguu. Baiskeli yake haikuogopa mlima. Tunu alikuwa na sauti. Alirithi pembe ya mbiu kwa bibi yake, na akiipuliza, mji mzima ulitulia. Mbiu ya vita ilikuwa na sharti moja: hutajwa kwanza majina ya waliokufa, ndipo furaha. Furaha ikitangazwa bila majina, maana yake hakuna aliyekufa.

Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu, na uchaguzi ulikuwa umekaribia. Rais alisema, "Nipeni kura, nitashinda vita." Mpinzani wake alisema, "Nipeni kura, nitawarudisha vijana wenu." Watu walikuwa wamechoka kuzika. Kila mtu alijua kwamba Rais anaanguka, hata Rais mwenyewe. Tunu naye, ambaye mumewe Shomvi alikuwa vitani, kura yake alishamwekea mpinzani.

Mkude, aliyekuwa askari huko vitani, alifanya lake. Siku tano kabla ya kura aliwaongoza askari kupitia kinamasi ambacho adui hakukilinda, kwa kuwa hakudhani mtu angepita. Mchana bendera ikapepea juu ya Mlima Kolwe.

Lubuva alifanya lake. Nyaya za simu zilikuwa zimekatwa, basi alipanda baiskeli siku nne. Tairi lilipopasuka alilijaza majani, akaendelea. Mkobani alibeba barua mbili, moja ya ushindi, nyingine imefungwa kwa lakiri. "Hii ni baada ya kura," afisa alimwambia.

Akafika kwa Tunu asubuhi ya kura, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shemeji, Kolwe imetekwa! Piga mbiu!"

"Na Shomvi?"

"Nilimwacha anakunywa uji, ananiuliza kama mtoto ameota meno."

Tunu alicheka, huku anafuta machozi. Kisha akaiona barua ya pili.

"Na hiyo? Ni majina?"

Lubuva akainama kukaza mnyororo ambao haukuwa umelegea. "Hiyo si ya leo. Vita vinakwisha, shemeji. Unataka mumeo arudi, au unataka kuuliza maswali?"

Tunu naye alifanya lake. Sharti alilijua. Lakini alimwona Shomvi akiingia uani kabla ya mavuno, akaenda kupuliza pembe mbele ya mstari wa wapiga kura.

"Kolwe ni yetu!"

Wanawake wakanyamaza, wakingoja majina. Hayakuja. Ndipo vigelegele vikapasuka. Nyanzige, mwenye wana wawili vitani, alimkumbatia Tunu nusura amwangushe. "Hakufa hata mmoja! Kumbe huyu Rais anajua kazi!"

Rais alishinda kwa tofauti ya kura mia tatu. Ndolwe peke yake ilimpa mia tisa.

Matokeo yalipotangazwa, lakiri ikavunjwa. Majina arobaini na moja, wote wa Ndolwe, waliozama kinamasini. Wana wa Nyanzige walikuwamo wote wawili. Shomvi hakuwamo. Na vita havikuisha.

Wiki hiyohiyo afisa akaja nyumbani kwa Tunu, Lubuva akiwapo, na zawadi ya Rais, amefuatana na Mkude. Ilikuwa barua ya kumrudisha askari mmoja nyumbani moja kwa moja. Nafasi ya jina ilikuwa tupu.

"Ninyi watatu mmempa Rais kiti," alisema. "Jazeni jina. Kesho naondoka."

"Liandikwe langu," alisema Mkude. "Bila mimi kusingekuwa na Kolwe. Nimekanyaga wenzangu kwenye yale matope, dada. Siwezi kurudi kule."

"Bila mimi Kolwe ingejulikana baada ya kura," alisema Lubuva. "Mwanangu wamemchukua na ndevu hajaota."

"Bila mimi msingepata kura hizo," alisema Tunu kwa sauti ndogo. "Na huyu mtoto hajamwona baba yake."

Hawakumsikia Nyanzige akisimama mlangoni.

"Mnagawana zawadi," alisema. "Na wale arobaini na mmoja, mmeshagawana?"



Asubuhi yake Tunu alimfunga mtoto mgongoni, akapanda mahali pa mbiu, akayasoma majina yote arobaini na moja, polepole, bila kuruka. Kisha akaiweka barua juu ya jiwe, kalamu pembeni, akaenda kukaa chini na wafiwa.

Kalamu hiyo hapo, ninyi mnaonisikiliza, na afisa anafunga mizigo. Ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani?