Zimwi Lililokalia Mvua

Nani ana masikio? Sote tunayo! Haya, yategeni.

Hapo kale zimwi la moshi lilikalia mawingu, mvua ikakatika. Likasema, "Nichoteni kwa makapu mnitupe baharini, nitaondoka."

Mlimani walikaa matajiri wachache, wenye matanuri ya chokaa yasiyozimwa. Bondeni walijaa maskini waliopikia makumbi ya nazi. Jumbe Shomvi wa mlimani akatangaza, "Kazi ya wote! Kila nyumba kapu moja, kama ilivyo ada yetu."

Bondeni alikuwako Bi Mwajabu, mfukiza nguo za maharusi, ambaye pua yake ilijua kila moshi. Akajiuliza: hivi zimwi hili limekula nini hata likanenepa hivi?

"Zimwi, hebu cheua."

Likacheua. Chokaa!

"Tena."

Chokaa!

"Mara ya mwisho."

Chokaa tena, na kwa mbali, mbali sana, kumbi la nazi.

"Hilo kumbi ni letu," akasema.

"Nyamaza wee!" wenzake wakamkemea.

"Ninyamaze nini? Pua yangu haijui kupendelea."

Akauchota moshi wote wa makumbi, kapu lisijae, akautupa baharini. Papo hapo manyunyu yakadondoka, yakalowesha ushungi wake, yakakoma.

Jumbe akapiga makofi. "Vizuri! Bado makapu mengine ya bondeni."

Bi Mwajabu akakung'uta kapu lake, akamwekea miguuni.

"Manyunyu hayo ndiyo yetu, Jumbe. Mvua yenyewe mnayo nyinyi."