Sange, Kifaru na Vyombo Vitano vya Kobe

Niwape, au niondoke nayo?
— Tupe!
Nikiwapa, mtakaa chini?
— Tumekaa!
Na ikiwachoma?
— Tutapuliza!

Haya. Paliondokea mwaka wa jua kali. Mito ikakauka, mabwawa yakakauka, hata mate yakakauka. Pori zima kikabaki kisima kimoja, na juu ya kisima kile walikaa nyuki. Nyuki wale hawakuwa na masihara. Ukitaka kunywa, jina lako lisomwe kwanza. Halikusomwa? Zzzii! Utarudi kwenu na uso kama boga.

Majina yalipatikanaje? Kila kiangazi Kobe, karani wa kisima, alificha vyombo vitano porini. Ndani ya kila chombo aliweka gome la mti. Ukikipata chombo, unaandika majina kwa ukucha, unampelekea Kobe gome. La kwanza kufika ndilo linalosomwa. Waliomo wanakunywa mpaka mvua irudi. Wasiomo, pole yao.

Mwaka ule akahamia Kifaru. Ndi! Ndi! Ndi! Moja kwa moja mpaka kisimani, hodi hakupiga, salamu hakutoa. Zzzii! Akarudi macho yamevimba, na macho yenyewe hata kabla ya hapo hayakuwa ya kujivunia. Ndipo akaambiwa habari za vyombo. Ndipo akamtafuta Sange.

Sange ni kamnyama sawa na panya, pua ndefu kama mrija. Lakini hakuna aliyevijua vyombo vya Kobe kama yeye.

"We kapua! Nifundishe hivi vyombo, la sivyo nakukanyaga."

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Mbona ni jambo jepesi? Kuna Punje, huyo ni sawa na ushanga. Kuna Kidole, sawa na kidole gumba cha nyani. Kuna Kopo, la kujaa kiganjani. Kuna Chungu, cha kupikia watu wa nyumba moja. Halafu kuna Pipa. Hilo hata wewe ukiingiza kichwa, na pembe inakaa."

"Basi limekwisha hilo! Mimi mkubwa, nachukua kikubwa. Pipa ni langu!"

Moyo wa Sange ukapiga pu! Maana asubuhi ile ile wanyama walikuwa wamekutana wakamtuma yeye akalitafute Pipa, awaandike wote. Gome la Pipa ni pana kama mkeka, majina yote yangeenea. Swala alikuwa na watoto pacha ambao kwa kiu hawasimami tena bila kuegemezwa. Kifaru akilitangulia Pipa, ataandika jina lake peke yake, na pori zima litakufa limekitazama kisima.

Sange akainua pua. "Bwana Mkubwa, unapenda kunywa na watu?"

"Sipendi hata kupumua na watu."

"Sasa Pipa la nini? Gome lote lile! Utaandika jina lako, kabla hujafika kwa Kobe, Ngedere kachomeka lake, Nungunungu kachomeka lake, mara kijiji kizima kimo. Lakini gome la Punje! Jina moja, limejaa. Hata inzi hapati pa kuweka unyayo."

Kifaru akacheka mpaka masikio yakapigana. "Kumbe una akili, kapua! Linafichwa wapi?"

"Kikubwa hakijifichi nyuma ya jani, na kidogo hakina haja ya pango. Punje itafute chini ya jani, au kwenye mwiba, au kwenye ufa wa mti."

"Jani lipi?"

"Lolote, Bwana Mkubwa. Pori ni lako."

Kifaru akaanza kazi. Akafika kwenye jani, fyoo! akanusa. Hakuna. Ndi! Ndi! Jani la pili, fyoo! Hakuna. Ndi! Ndi! La tatu, fyoo! Mwiba ukamwingia puani. Mara akaona kitu kidogo, cheusi, cha mviringo. Akakipiga busu. "Punje wangu!" Kilikuwa kinyesi cha mbuzi. Akajaribu kukifungua kwa meno hivyo hivyo, huenda kifuniko kimekaza.

Na Sange? Tipi tipi tipi! Pipa linataka shimo kubwa, na shimo kubwa kuliko yote lilichimbwa na muhanga, nyuma ya kichuguu. Akaondoa majani makavu. Hilo hapo! Akafungua kifuniko, akatoa gome, akalitandaza. Pana kama mkeka kweli.

Akainua ukucha amwandike Swala. Akakumbuka. Swala ndiye aliyesema, "Sange akipiga chafya, anajikwaa." Nitamweka mwishoni.

Akainua ukucha amwandike Ngedere. Akakumbuka. Ngedere ndiye aliyemtupia kokwa za matunda msimu mzima, apime shabaha. Nitamweka mwishoni.

Akainua ukucha amwandike Nungunungu. Akakumbuka. Asubuhi ile ile, kwenye kikao, alipoanza tu kusema, Nungunungu aliuliza, "Nani huyo anapiga filimbi?" Na wote wakacheka. Wote! Nao ndio waliokuwa wakimwomba.

Akaandika "Sange", pembeni, kwa adabu. Akatazama nafasi iliyobaki. Ilikuwa nyingi mno. Njiani mtu anaweza kuchomeka jina. Akaliandika tena, kubwa, kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka pale mahali pa mwishoni hapakuwapo.

Kisimani walimpokea kwa vigelegele. "Sange wetu! Mwamba wetu!" Ngedere akambeba juu juu. Swala alikuwa amewasukuma wale pacha kwa pua, hatua kwa hatua, ili wawe karibu.

Kobe akalitandaza gome. Akakohoa. "Sange."

Wakangoja. Kobe akaligeuza nyuma, akaligeuza mbele. "Sange. Basi."

"Soma vizuri, baba," akasema Swala. "Mimi niko wapi?"

"Nimesoma, mama."

"Gome lilikuwa dogo," akasema Sange.

"Gome la Pipa?" akauliza Kobe.

"Mwaka huu limepungua."

Zzzii! Nyuki wakashuka, wanyama wakarudi nyuma. Sange akasogea peke yake, akainama, akanywa. Alikunywa vitone vinne, tumbo likajaa, ti! Akajaribu cha tano, kikamtoka puani.

Kifaru akafika ulimi nje, miiba usoni. Alipoelezwa, hakukasirika. Alimtazama Sange kwa heshima, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake, kisha akaenda kujipanga nyuma ya Swala.

Kabla jua halijachwa, pacha mmoja aliegemezwa, akateleza, akaegemezwa tena, akateleza. Mama yake akaacha kumwegemeza. Kisima kilikuwa kimejaa vilevile.

Mnataka funzo? Lichukueni: mdogo hana choyo, kwa sababu hana pa kukiweka. Mkiwa na kitu cha kugawana, mpeni aliye mdogo kuliko wote awaandikie majina.

Yangu imekwisha. Ikiwa ni chungu, itemeni. Ikiwa ni tamu, mmesikia vibaya.