Mpishi Aliyeambiwa Akae Chini

Kulikuwa na mpishi mmoja wa shughuli. Mnawajua watu hawa. Iwe harusi, iwe msiba, yeye hufika kabla ya hema kusimamishwa na huondoka wa mwisho, shati limeloa jasho, mikono inanuka vitunguu. Kwa miaka arobaini alipikia watu mia mbili, mia tatu, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa kwenye kiti akila sahani aliyopakuliwa na mtu mwingine.

Siku moja alikwenda hospitali kwa sababu ya mgongo. Daktari akampima tumbo kwa kipimo cha picha, akasema, "Mzee, tatizo si mgongo. Ule mshipa mkubwa wa damu unaotoka kwenye moyo na kupita tumboni umevimba. Umetuna kama puto. Ukipasuka, huenda usifike hapa."

"Sasa nifanye nini?"

"Tutakupasua, tuweke kipande kingine mahali palipovimba. Lakini kwanza ujiandae. Sigara, basi. Dawa ya presha kila siku bila kuruka. Na utembee kila asubuhi, mapafu yapate nguvu."

Je, alitii? Alitii, tena kwa bidii. Sigara alizitupa chooni siku hiyo hiyo. Alitembea kila asubuhi mpaka majirani wakawa wanajua saa kwa kumwangalia akipita. Maandalizi yalikuwa kazi, na kazi hajawahi kuiogopa. Siku ya upasuaji ilipofika, alilala akamwambia daktari, "Fanya." Akaamka na mshono mrefu kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu.

Siku ya kuruhusiwa, daktari akamwambia, "Kwa miezi miwili usinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Huo mshono ukifumuka kwa ndani, tutarudi mezani, na sitaki. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto, uubane tumboni. Tembea kidogo kidogo. Mengine waachie watu."

Waachie watu! Hapo ndipo palipomshinda.

Nyumbani hakutulia hata kidogo. Wageni wakija kumjulia hali, anataka kuinuka awavutie viti. Akilazwa, masikio yake yako jikoni.

"Kitunguu hicho hakijaungua?"

"Hakijaungua," mkewe anamjibu. "Lala."

Dakika mbili tu. "Mbona sikusikii ukikoroga?"

"Kwa nini hawakukupasua na masikio, tukapumzika sote?"

Jumapili ya tatu, nyumbani kwa jirani kulikuwa na sherehe ya kipaimara. Mchana, harufu ya pilau ikamfikia kitandani. Akanusa. Akajua kwa pua tu kwamba inashika chini. Niambieni, nyinyi mngelala?

Akaondoka polepole, mkono mmoja tumboni, mpaka uani kwa jirani. Wapishi vijana wakashangilia, "Fundi amekuja!" Naye akapita moja kwa moja hadi motoni. Aliiona sufuria kubwa bado iko motoni, akachukua kitambaa, akainama, akaishika masikio ili aiepue. Mshono ukamchoma. Hakuacha.

"Babu! Toa mikono hapo!"

Alikuwa muuza kuni, mwanamke ambaye amegombana naye miaka mingi.

"Umeanza," akasema mpishi. "Kuni zako mbichi ndizo zinazoharibu pilau ya watu. Moshi mtupu. Nipishe."

"Kuni zangu zitukane upendavyo. Sufuria iachie."

"Tumbo ni langu, mama."

Mwanamke akasogea karibu. Akakunja mkono wa gauni lake, akamwonyesha upande wa ndani wa kiwiko. "Tumbo ni lako, sawa. Na damu? Hospitali ilitaka watu wa kukutolea damu kabla hujapasuliwa. Tulikwenda wanne. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nilimkataza mkeo asikuambie, maana nakujua, ungeamka kitandani uje unipikie. Basi hiyo yangu, babu, usinimwagie hapa."

Mpishi akaachia sufuria. Vijana wawili wakaiepua. Muuza kuni akamvutia kiti, akampakulia sahani, akamwekea magotini. Pilau ilikuwa imeungua kidogo. Akaila yote, machozi yakimtoka, na hakusingizia moshi wa kuni.

Wapendwa, mlipokuwa mkinisikiliza mlidhani kosa la mtu huyu ni kupenda sana kuwahudumia wengine. Angalieni vizuri. Alimwachia mtu asiyemjua amfungue tumbo kwa kisu, lakini hakumwachia jirani yake amwepulie sufuria. Ni kwa sababu alipenda watu? Hapana. Aliogopa siku ambayo watu wangemwona hana cha kuwapa. Kwa miaka arobaini alijificha nyuma ya mwiko.

Na sisi je? Tunaimba humu ndani kwamba Bwana alimwaga damu yake kwa ajili yetu. Tukitoka mlangoni, tunahangaika kama watu ambao hawajawahi kupewa kitu na yeyote. Tukiambiwa tupumzike, tunaona tumetukanwa. Mtu akituletea uji tukiwa wagonjwa, tunaanza kuwaza tutampelekea nini. Uji wenyewe unapoa mkononi! Tutampokeaje Mungu, kama jirani mwenye bakuli la uji anatushinda?

Wewe mama yangu wa benchi la tatu, ulitoka hospitali Alhamisi. Nimekuona ukisimama katika kila wimbo, umeshikilia benchi, miguu inatetemeka. Kaa, mama. Wimbo unaofuata tutakuimbia.