Jike Aliyepiga Magoti Kabla ya Kulala

Mtu mmoja alikuwa na nguruwe jike aliyejulikana kuliko yeye mwenyewe. Mtu huyo aliitwa Asegelile, naye alilima viazi na kufuga kwenye mteremko wenye baridi chini ya Mlima Rungwe. Siku nguruwe wake alipozaa watoto kumi na sita, watu walitoka hata vijiji vya jirani kuja kuchungulia bandani. Asegelile alivaa shati safi, akasimama mlangoni, akawahesabia wageni mtoto mmoja mmoja kwa sauti kubwa. Alifurahi kweli, na furaha yake haikuwa na ubaya wowote.

Lakini yule jike alikuwa na chuchu kumi na mbili tu, na baadhi ya watoto hawakuzidi kiazi kikubwa. Alipotaka kulala alijibwaga kama gunia, bila kutazama nani yuko chini. Wiki ya kwanza walikufa saba. Wengine walidhoofika kwa kukosa mahali pa kunyonya, wakafa pia. Siku ya kuwaachisha ziwa walibaki watano, na siku hiyo hakuna aliyekuja kuchungulia. Asegelile alisema ni baridi. Akamtunza jike mmoja kati ya wale watano awe mama, kwa sababu alitoka kwenye uzao wa kumi na sita. Huyo alipokua alizaa kumi na saba. Wakabaki wanne.

Jirani yake alikuwa Subilaga, mjane wa rafiki yake. Nguruwe wa Subilaga alizaa kumi. Alipotaka kulala alipiga magoti kwanza, akaguna taratibu, akangoja watoto wasogee, ndipo akajilaza. Walizaliwa kumi, wakaachishwa kumi. Subilaga hakubakiza mtamba yeyote, yaani jike ambaye hajazaa, awe mama mpaka ameona mama wa mtamba huyo amewakuza watoto wake wote. Na alipotafuta dume, alivuka mto kwa miguu kwenda kuuliza habari za mama wa dume huyo. Watu walimcheka.

"Shemeji, kwani dume ananyonyesha?" Asegelile alimuuliza.

Subilaga naye alicheka. "Yeye hanyonyeshi, shemeji. Binti zake ndio watakaonyonyesha, na alichopewa na mama yake ndicho atakachowapa."

Asegelile alikwenda zake akitikisa kichwa.

Miaka ikapita, na Tupokigwe, binti yake wa pekee, akaposwa. Kijana aliyemposa alikuwa mchapakazi, ila hakuwa na kitu zaidi ya kipande cha shamba. Nyumba yao ingeanza na kile ambacho baba angewapa, na kile kikifa, ingeanza na mikono mitupu. Asegelile alilijua hilo. Siku ya kuaga, mbele ya wakwe, alimtoa bandani mtamba wake bora, mjukuu wa yule jike aliyezaa kumi na sita, amemfunga kitambaa chekundu shingoni.

Sasa, katika nyumba ya Asegelile kulikuwa na kazi ambayo baba hakuwa ameifikiria. Tangu utoto wake Tupokigwe ndiye aliyewabeba kwenye beseni watoto waliokufa, akawafukia nyuma ya migomba. Akamtazama yule mtamba, akamtazama baba yake.

"Baba, nimezika wengi," alisema. "Nipe mtoto wa aliyelea, si wa aliyezaa tu."

Wakwe walitazama chini. Asegelile alisimama na kamba mkononi, uso umemshuka. Kisha akageuka, akaondoka na mtamba wake, na wote wakadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anakwenda kwa Subilaga.

"Shemeji, binti yangu amenishinda," alimwambia. "Naomba tubadilishane."

Subilaga alimfungulia banda achague. Asegelile akamshika mtamba mkubwa kuliko wote. Subilaga akamvuta shati, akamshika mwingine mdogo kidogo, akampindua, akamhesabia chuchu: kumi na nne. "Huyu," alisema. Na yule wa kitambaa chekundu Subilaga hakumfuga; alimtoa zawadi, akaliwa harusini Jumamosi, watu wakasifu sana nyama yake, Asegelile akiwa wa kwanza.

Mtamba wa Tupokigwe alizaa kumi na mmoja, akakuza kumi na mmoja. Binti wa mtamba huyo, aliyechaguliwa kwa kanuni ile ile ya Subilaga, alizaa kumi na wawili, akakuza kumi na wawili. Hesabu ilipanda polepole, wala beseni halikubeba tena kitu ila maji. Mwaka wa tano Asegelile alikwenda kumtembelea binti yake. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa asubuhi nzima, akimtazama jike akipiga magoti na kungoja. Aliporudi ndani, chai ilikuwa imepoa. Akamwomba binti yake mtamba mmoja, na walicheka wote wawili mpaka mkwe akaja kuuliza kuna nini.

Ndugu zangu, Pasaka iliyopita tulibatiza watoto arobaini katika kanisa hili, na vigelegele vyenu vilisikika hadi barabarani. Nani kati yenu anaweza kunitajia majina ya kumi kati yao, na kuniambia asubuhi hii wako wapi?