Nne ya Uru Mkononi mwa Bi Kidawa

Karata ya mwisho haina pa kujificha.

Mmemsikia shangazi yenu akimchapa nayo fundi aliyesema mbao zimeisha, sasa mnataka asili yake. Mmefika penyewe. Wilaya nzima hakuna ajuaye asili za methali kunishinda. Nikisema wilaya nzima, nahesabu nyumba hii na banda la kuku.

Methali hii ilianza hivi.

Kulikuwa na klabu kuukuu kwenye shamba la mkonge, upande wa Muheza. Wakubwa wa shamba walipoondoka waliacha meza moja yenye kitambaa cha kijani, na mchezo wao wa karata uitwao briji. Wenyeji wakaurithi. Meza moja, viti vinne, wenye kuvitaka wengi. Asiye na kiti huchemsha chai.

Bi Mwanjaa alichemsha chai miaka kumi na mmoja. Wifi yake, Bi Kidawa, ndiye aliyekuwa na kiti, tena akijiita bingwa. Mwenzake wa mchezo alipohamia Korogwe, akamvuta Bi Mwanjaa akae mbele yake, akamwonya watu wakisikia: "Wifi, tukianguka Jumapili hii, kiti unakiacha. Birika unajua liliko."

Jumapili ikafika. Wapinzani wao walikuwa Mwalimu Mhando, mstaafu, na Mzee Semboja wa mashine za mkonge. Bi Mwanjaa akagawa, kumi na tatu kila mtu. Akazitazama zake. Zilikuwa kama wageni wa harusi: wamependeza, lakini nani wa upande gani, hajui.

Briji hunadiwa kabla ya kuchezwa. Kila mtu hutoa karata moja, zikitimia nne ni fungu, mwenye kubwa hulizoa, na turufu hula zote. Unanadi utazoa mafungu mangapi, na turufu iwe namna gani ya karata: kopa, uru, shupaza au pau. Shida ni kwamba hesabu huanzia baada ya sita: ukisema moja, umesema saba. Hapo ndipo Bi Mwanjaa, na darasa lake la nne, alipopotea kila mara.

"Napita," alisema.

Mwalimu naye akapita.

"Kopa moja," akasema Bi Kidawa. Mzee Semboja akapita.

Bi Mwanjaa akaona ana kopa nne. Kumbe wifi anazipenda! "Kopa tatu," akasema, kwa heshima tu. Mwalimu akapita tena.

Bi Kidawa akafumba karata zake kifuani, akawatazama wazee wale mmoja mmoja. "Kopa saba."

Mwalimu akavua miwani. "Saba? Mafungu yote kumi na matatu?"

"Yote. Mkitaka hata moja, mkaombe msikitini."

"Wifi," akanong'ona Bi Mwanjaa, "mimi nilisema tatu."

"Laza karata, wifi."

Ndiyo sheria. Mwenza wa mwenye kunadi hulaza karata zake wazi mezani, akakaa kimya, mwenzake akazichezesha. Ameachiwa neno moja tu: mwenzake akisema hana namna iliyochezwa, anaruhusiwa kumwuliza, "Huna?" Maana aliye nayo lazima aitoe.

Mzee Semboja akaanza na ree ya uru, kubwa kuliko uru zote. Kwenye karata za Bi Mwanjaa ikatoka uru ndogo, Mwalimu akatoa yake. Bi Kidawa akapiga kopa juu, akazoa.

"Sina uru."

Bi Mwanjaa akafurahi kupata kazi. "Huna, wifi?"

"Sina! Ningekuwa nayo ningemnyima Mzee ree yake?"

Mchezo ukaenda. Bi Kidawa akazoa la pili, la tatu, la saba. Lakini alianza kutoka jasho, na hilo Bi Mwanjaa hakulielewa. Mtu anashinda, jasho la nini? Wazee nao wakawa wanatupa uru zao ovyo. Kwa asiye nazo, za kumwekea ni za nini?

Kwa kukosa la kufanya, Bi Mwanjaa akazihesabu uru zinavyotoka. Vidole vya mikono vikaisha, akaongeza viwili vya miguu. Kumi na mbili. Fungu la kumi na mbili likazolewa, kila mtu akabakiwa na karata moja. Uru ya kumi na tatu iko wapi? Iliyobaki yake yeye ilikuwa shupaza, na wazee wangekuwa nayo wangekwisha kuitupa. Wifi hana. Basi imeanguka! Na aliyegawa ni nani? Kiti kinakwenda hicho. Akapiga magoti, akaingia chini ya meza.

"Wifi, unatafuta nini huko?"

"Uru, wifi. Nimehesabu kumi na mbili tu. Nimeiangusha nilipogawa. Nisamehe."

Chini aliona miguu ya Bi Kidawa ikirudi nyuma polepole.

"Fungu la mwisho langu," akasema Bi Kidawa haraka, akaisukuma karata yake kwenye rundo, kifudifudi. "Changanya, Mwalimu."

Mwalimu akaiwekea kiganja. "Ya mwisho huoneshwa."

"Ni kopa tu hiyo."

Mwalimu akaipindua. Nne ya uru.

Bi Mwanjaa alikuwa ametoa kichwa, vumbi kwenye kanga. "Alhamdulillahi!" akapaza sauti. "Wifi, haikuanguka! Kumbe ilikuwa kwako!"

Wazee wameikazia macho ile nne. Akawatazama mmoja mmoja, hajui kosa lake nini, na miguu ikaanza yenyewe kuelekea jikoni.

"Kaa, Bi Mwanjaa," akasema Mzee Semboja. "Wewe ulimwuliza. Kiti chako hicho."

"Amegawa vibaya huyu!" akadakia Bi Kidawa. "Karata ilinata nyuma ya nyingine. Hata mimi ndiyo kwanza naiona!"

"Ndiyo kwanza unaiona?" Mzee Semboja akaigonga ile nne kwa ukucha. "Mbona umeifunika?"

Bi Kidawa akatazama upande wa jikoni.

Mwalimu akavaa miwani yake. "Bi Kidawa, mama," akasema kwa upole, "karata ya mwisho haina pa kujificha."