Darasa la Shibe Isiyoisha

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na milango ya kufunga na majirani wa kuazimana chumvi, palikuwa na kijiji kimoja mlimani kikiitwa Mbojini. Watoto wangu, kijiji hicho kilikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza: kilichotoka ardhini kirudi ardhini. Ganda la ndizi, majivu ya jikoni, hata samadi ya mgeni, vyote vilipelekwa kwenye shimo la mboji. Ya pili: hakuna anayemaliza shule. Kila asubuhi mmoja alifundisha anachokijua, na wengine, wakubwa kwa wadogo, walikaa chini wakamsikiliza. Bibi Kobe, mkuu wa kijiji, alikuwa na vitukuu, lakini alikuwa bado anajifunza kusuka vikapu, na vikapu vyake vilikuwa bado vinapinda upande.

Hapo ndipo alipoishi Digidigi. Miguu yake ilikuwa kama vijiti vya mishikaki, macho makubwa, pua haitulii. Yeye ndiye aliyekuwa akifundisha kuchimba makinga maji, ile mitaro midogo inayozuia mvua isikimbie na udongo. Kazi aliipenda, ila jambo moja lilimnyima raha. Kila mwaka mvua ilishuka kupitia bonde la katikati ya kijiji, shwaaa, ikapotelea mtoni. Baada ya wiki chache miche ilinyauka, na kijiji kikala mizizi. Dawa yake ilikuwa bwawa. Lakini nani achimbe bwawa kwa kwato zinazoenea ndani ya kijiko?

Mwaka mmoja, jua lilipokuwa kali kuliko kawaida, waliingia wageni wawili, Bwana Ndovu na Bwana Kiboko. Huko walikotoka maji yalikuwa yamekauka. Wanakijiji waliwakaribisha kwa moyo mmoja, wakawapikia uji, wakawaeleza zile sheria mbili.

Ndovu alisikiliza huku akitafuna, kisha akasema kwamba yeye na mwenzake ni watu wazima, walikwisha kujifunza yote ya kujifunza. Kiboko hakusema kitu. Alikuwa amelala.

Tangu siku hiyo, wenzao wakiwa darasani, wao walikuwa mashambani. Kwacha, kwacha, kwacha. Walimaliza maboga, wakamaliza viazi, na siku ya tisa wakaingia kwenye vitalu vya miche. Ilipofika adhuhuri Bibi Kobe alipita huko akakuta udongo mtupu. Mbegu iliyobaki kijijini ilikuwa chungu kimoja, na chungu hicho alikuwa amekikalia yeye mwenyewe.

Kikao kikaitwa. Wengi walitaka kufungasha na kuhama. Digidigi aliwatazama majirani zake wakianza kugawana vyungu. Alikuwa amezaliwa pale. Akaomba apewe siku chache.

"Utawafukuza wewe?" Bibi Kobe aliuliza.

"Hapana, bibi. Nitawasomesha."

Kesho yake alitwaa kamba ya makumbi, akalizungushia bonde lile kavu. Akaingia ndani ya kamba na kuanza kuchimba, chi-chi-chi, akiimba kwa furaha kama mtu aliyepakuliwa pilau. Kiboko alipita, akauliza anafanya nini. Digidigi alinyamaza ghafla, akasema si kitu. Siku ya pili walipita wote wawili. Akawaambia wamsamehe, ni mambo ya darasa, na darasa lenyewe halikuwahusu. Siku ya tatu walikuwa wamesimama kwenye kamba tangu alfajiri.

"Ninyi ni wazee wangu, siwezi kuwaficha," Digidigi akasema, akitazama huku na huku. "Hili ni Darasa la Shibe Isiyoisha. Anayelimaliza haoni njaa tena. Lakini sisi wadogo hatujawahi kulimaliza. Na ninyi mlikwisha kujifunza yote, kwa hiyo hapa mngepoteza muda wenu tu."

Watoto, mtu mkubwa ukimwambia mlango huu si wako, ataupita hata kama ni tundu la sindano. Ndovu alisema kwamba labda palikuwa na kitu kimoja ambacho hakuwahi kufundishwa. Kiboko alikuwa amekwisha kuvuka kamba.

Digidigi akawapa masharti. Darasa lina ngazi tatu: kuchimba, kukanyaga na kugaagaa. Mwanafunzi hula kwenye chungu cha wote, na akila jani hata moja la shambani, elimu yote humtoka puani kwa chafya. Ndovu aliushika mkonga wake kwa wasiwasi.

Wakaanza. Ndovu alichimbua kwa pembe, mawe yakaruka huku na huko. Kiboko alisukuma udongo kwa kifua, puu, puu, mpaka ukawa kilima upande wa chini wa bonde. Digidigi alisimama juu ya jiwe akihesabu hatua na kusahihisha. Upande huu haujashuka vya kutosha. Hapa pameinama. Jioni walikula uji wao wa mizizi kwenye chungu cha wote, wakalala hoi. Kila Kiboko alipopiga chafya alishtuka, akaanza kujihesabia aliyojifunza siku hiyo, asije akawa amepoteza kitu.

Siku ya kumi na mbili Ndovu aliacha kuchimba. Alitazama mbele, akatazama nyuma, akamjia Digidigi taratibu mpaka kivuli chake kikamfunika mzima.

"Mwalimu," alisema, "hivi hili si shimo tu?"

Digidigi aliutazama upenyo wa kukimbilia. Kama angekimbia, kijiji kingekwisha.

"Mheshimiwa," akasema, "mwanafunzi anayeuliza swali hilo amefaulu ngazi ya kwanza."

Akachuma ua la boga lililokuwa limejiotea kwenye mboji, akampachika Ndovu sikioni. Ndovu alisimama wima, asije akalidondosha. Kiboko, ambaye hakuwa na ua, alichimba mpaka jua likazama bila kuinua kichwa.

Ngazi ya pili walikanyaga, wakizunguka na kuzunguka, kishindo kikitikisa sufuria za kijiji kizima. Ngazi ya tatu wanakijiji walibeba udongo wa mfinyanzi na maji kwa vibuyu, wakamimina chini ya shimo, na Kiboko akaambiwa agaagae. Lo, huyo alipata alama zote. Aligaagaa mpaka chini pakawa laini kama chungu kilichofinyangwa, hata tone lisingeweza kupenya.

Siku nne baadaye mvua ilifika. Maji yaliteremka kama kawaida yake, shwaaa, yakafika kwenye shimo, yakasimama. Yakapanda. Wanakijiji walitoka majumbani wakasimama kwenye mvua kutazama. Kiboko alitumbukia, chubwi, akabaki pua na masikio.

Ndovu hakutumbukia. Alitazama maji, kisha akazitazama pembe zake zilizolika ncha. Akaenda mpaka mlangoni kwa Digidigi.

"Umetufanya vibarua," alisema.

Digidigi alikuwa amejiandalia maneno mengi ya kujitetea. Alipomwona Ndovu alivyolowa, na lile ua lililonyauka bado sikioni, yote yakampotea.

"Jina la darasa niliwadanganya, baba," akasema. "Naomba radhi. Mngeendelea kula vile, sote tungekufa, na ninyi mkiwa wa mwisho. Ila somo lenyewe ni la kweli. Maji haya ndiyo shibe. Sina jingine nililowaficha."

Ndovu akamwita Kiboko aje wakasirike pamoja. Kiboko alijibu kutoka majini kwamba amekasirika sana, ila atatoka kesho.

Hapo Ndovu akashusha pumzi iliyopeperusha mlango. Akageuka, akaukazia macho ule ukuta wa udongo upande wa chini.

"Unavuja pale," akasema.

Digidigi akachungulia, hakuona kitu. Ndovu akamwonyesha mstari mwembamba wa unyevu. Akasema kwamba ukuta wa namna ile hubomoka wiki ya pili, na kwamba kwao wazee walikuwa wakichanganya udongo na majani makavu, wakapanda nyasi juu ili mizizi iushike. Digidigi alikuwa hajawahi kusikia jambo hilo maishani mwake.

"Utatufundisha?"

"Mimi?" Ndovu akauliza, na sauti yake ikawa ndogo.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya kijiji kizima, akaanza kwa kusahau salamu. Bibi Kobe aliweka kikapu chake chini ili asikie vizuri. Kiboko alihudhuria akiwa majini. Naye Digidigi alikaa chini, mstari wa mbele kabisa, akauliza maswali mengi mpaka Ndovu akamwomba awaachie na wenzake.

Ukuta ule ulishika. Bibi Kobe aliteremka kutoka kwenye chungu chake, mbegu zikaenda ardhini, na miezi mitatu baadaye kijiji kilivuna. Ndovu alikula kama Ndovu, na bado chakula kikabaki.

Nami nimefikia hapo. Aliyesikia ampokeze mwenzake, aliyesinzia aulize.

Asiyekubali kufundishwa hufundishwa bila kujua, na akishajua, huwa mwalimu.