Jina Moja kwa Ndege ya Ilembwe

Sogeeni karibu. Mwenye haraka ya kuhukumu na ajizuie kidogo, maana mwisho wa kisa hiki hukumu itakuwa yenu.

Katika mji wa Ilembwe, juu milimani, palikuwa na shirika lenye ndege moja tu ya viti kumi na viwili. Mwenyewe alikuwa mjane, Bibi Atupele, na watumishi wake waliosifika walikuwa watatu. Mwajabu, mkata tiketi, hakusahau abiria: ukisafiri mara moja, miaka mitano baadaye angekuuliza hali ya mguu wa baba mkwe wako. Fundi Lusekelo aliusikia ugonjwa wa injini kabla injini yenyewe haijaujua. Na rubani Tumsifu aliijua hewa ya nchi ile kama mkulima anavyolijua shamba lake: wapi inapanda, wapi inashuka, saa ngapi upepo unageuka.

Ukaja uchaguzi uliobishaniwa. Matairi yakachomwa barabarani, askari wakajaa mitaani. Abiria kumi na wawili wakawa saba, saba wakawa watatu, kisha hakuja mtu. Ndege ikalala. Na sheria ya anga ilikuwa wazi: shirika likikaa siku thelathini bila kufikisha mji mkuu abiria sita kwa safari moja, linanyang'anywa kibali. Ilembwe bila ndege ni siku mbili za barabara mbovu hadi hospitali kubwa. Kila mtu alilijua hilo, na siku ishirini na tisa zikapita.

Siku zote hizo Lusekelo alifika kazini. Kila asubuhi aliisukuma ndege hatua mbili, uzito usije ukakaa upande mmoja wa matairi. Alitoa viota vya ndege wadogo kwenye injini. Kwa hesabu yake, kumi na kimoja. Kila Jumatatu aliiwasha injini dakika kumi. Walinzi wa uwanja wakamcheka.

"Fundi, unamwogesha bwana harusi, na bibi harusi keshakataa!"

"Mwacheni anukie," akajibu. "Bibi harusi hubadili mawazo."

Siku ya thelathini injini iliitika mara tu ilipoguswa.

Mwajabu naye alikuwa amewapigia simu watu tisini na wanne. Aligundua kwamba hawaogopi kupanda ndege. Walichoogopa ni kilomita sita kutoka mjini hadi uwanjani, kwa sababu kila gari lilipigwa mawe.

"Basi hatutapanda gari," akawaambia. "Tutatembea."

Wakakubali wanane. Asubuhi ya siku ile akavaa sare kamili, kofia na skafu, akatangulia, nao nyuma yake na mizigo kichwani. Kwenye kizuizi cha pili cha barabarani vijana, mmoja na rungu mkononi, wakawazingira.

"Nyie watu wa ndege, watoto wa wakubwa! Rudini mlikotoka!"

Mwajabu akamtazama mwenye rungu. "Wewe ni Ambokile, wa mama Tabu. Mama yako alikaa kiti namba nne mwaka juzi, akienda kupasuliwa jicho. Alinitapikia viatu. Anaona siku hizi?"

Rungu likashuka. "Anaona, shangazi. Anaona mpaka vitu tunavyoficha."

Wenzake wakaangua kicheko, njia ikafunguliwa. Lakini abiria wawili walikuwa wameshatimua mbio. Waliofika uwanjani ni sita kamili.

Tumsifu akaruka nao. Walipofika juu ya mji mkuu, moshi ulikuwa umeufunika uwanja.

"Ndege mbili zimegeuka," mnara wa kuongozea ndege ukamwambia. "Geuka nawe."

Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. "Upepo wa mlimani hushuka baada ya saa tano na robo," akasema. "Naomba kusubiri. Nina mafuta ya kuzunguka dakika thelathini, kisha nitaenda uwanja mwingine."

Akazunguka. Nyuma, abiria mmoja, mzee Gwakisa, akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, tunazunguka kama mwewe! Kuna kifaranga umekiona?"

"Nimekiona, baba. Nangoja kikae vizuri."

Saa tano na dakika kumi na nane moshi ukapasuka katikati, njia ya kutua ikaonekana yote. Akatua. Abiria sita wakahesabiwa chini, kibali kikabaki Ilembwe.

Habari za matembezi yale zilienea, na wiki iliyofuata viti vyote kumi na viwili vikakatiwa tiketi. Bibi Atupele akanunua kopo la rangi nyekundu.

"Ndege hii imeruka miaka tisa bila jina," akasema. "Leo itachukua jina la aliyeiokoa. Mtu mmoja! Ndege si khanga, niiandike maneno marefu."

Hakuna aliyeona haya kujitaja.

"Bila mimi mngepanda sanamu," akasema Lusekelo.

"Bila mimi mngerusha viti," akasema Mwajabu. "Viti havihesabiwi."

"Na bila mimi," akasema Tumsifu, "mngerudi na moshi puani na kibali hamna."

Walinzi, wapenda ubishi, wakaingilia. "Fundi, Jumatatu zako nne zimekunywa mafuta ya dakika ishirini angani, na magari ya mafuta hayafiki! Rubani nusura akose."

"Yangebaki yote," akajibu Lusekelo, "kwenye ndege isiyowaka."

"Na wewe Mwajabu, si ndiwe uliyewaambia abiria wakae nyumbani, vurugu zilipoanza?"

"Niliwaambia, maana ilikuwa kweli. Ndiyo sababu nilipowaita waliniamini."

"Na rubani aliomba kazi nchi jirani, tunajua!"

"Niliomba, wakanikubali," akasema Tumsifu. "Haya, mnaniona niko wapi?"

Bibi Atupele akachovya brashi, akapanda ngazi, akasimama mbele ya ubavu mweupe wa ndege. Amewatazama watatu wake mmoja mmoja, na kila anayemtazama anamwinulia kidevu. Abiria kumi na wawili wamesimama foleni, kila mmoja anapaza jina la aliyemchagua. Rangi inadondoka, na herufi ya kwanza bado.

Wewe unayenisikiliza, lau angekushushia brashi hiyo, ungeandika jina la nani?